Handbreki na gia hazitoshi: namna ya kulifunga trekta juu ya trela

*"Mtaalamu, nina trekta la nguvu za farasi 50 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kitabu chake kinasema lina kilo 2,300. Matairi ya nyuma yametiwa maji, mbele lina vyuma vya uzito, na nyuma huwa nimeshafunga kifyekeo cha majani. Nalibeba kwa trela ya ekseli mbili inayovutwa na pikapu, na kibati cha trela kimeandikwa jumla ya kilo 3,500. Safari ni kama kilomita 90, nusu lami, nusu vumbi. Mara ya mwisho nyuma nilipitisha mnyororo mmoja kwenye chuma cha kukokotea, mbele nikafunga kamba ya nailoni, nikaweka gia na handbreki. Nilipofika, trekta lilikuwa limesogea kushoto upana wa kiganja na mnyororo ulikuwa umelegea, ingawa haukukatika. Dereva anasema nisihangaike: trekta ni zito, haliwezi kwenda popote, na nikikaza minyororo sana nitavunja ekseli. Niambie ni minyororo mingapi, minene kiasi gani, nifunge wapi, na trekta liangalie mbele au nyuma?"*

Ndugu msomaji, huo upana wa kiganja usiuone mdogo. Trekta likisogea na mnyororo usikatike, maana yake mnyororo haukuwa umelishika. Safari nzima lilikaa pale kwa msuguano wa matairi na sakafu tu, na mahali fulani njiani msuguano huo uliachia. Unataka kujua aina ya mnyororo wa kununua, na nitakutajia, lakini mwelekeo unaovutwa na mnyororo una kazi kubwa kuliko unene wake.

Nianze na dereva wako. Ni kweli trekta ni zito, ila hapo hapo ndipo hatari ilipo. Trela ikifunga breki, trekta halijui kwamba safari imesimama. Linataka kuendelea na mwendo liliokuwa nao, na kadiri lilivyo zito ndivyo nguvu ya kulisimamisha inavyotakiwa kuwa kubwa. Kiwango cha Ulaya cha ufungaji mizigo, EN 12195-1, kinataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na usiende nyuma wala pembeni kwa asilimia 50. Kwa trekta la tani 3, breki ya ghafla inaweza kulisukuma mbele kwa nguvu ya kilo 2,400. Kona kali au kukwepa shimo kunaweza kulisukuma pembeni kwa kilo 1,500. Uzito wake peke yake hauwezi kushindana na hizo nguvu.

Handbreki na gia nazo hufanya kazi moja tu: huzuia magurudumu yasizunguke. Kwenye trekta kama lako huzuia ya nyuma tu, kwa sababu breki na gia zote ziko huko. Hazizuii tairi lililosimama lisiteleze juu ya sakafu, na wala hazizuii trekta lisiruke. Gurudumu la trela likiingia shimoni, sakafu huzama ghafla chini ya trekta, kisha hurudi juu na kulipiga. Kwa muda mfupi sana matairi ya trekta hubaki karibu bila uzito wowote juu ya sakafu, na pasipo uzito hapana msuguano. Likitua, hutua pembeni kidogo ya lilipokuwa. Mashimo mia moja ya barabara ya vumbi hufanya hivyo mara mia moja. Ongeza tope lililoganda kwenye matairi, au mafuta kidogo yaliyomwagika sakafuni, na handbreki inakuwa kama haipo. Iweke, na gia uiweke, lakini zihesabu kuwa msaada wa pili.

Sasa kwa nini lilikwenda kushoto? Mnyororo mmoja uliopita kwenye chuma cha kukokotea na kufungwa pande zote mbili za trela unaonekana kama minyororo miwili, kumbe ni mmoja unaoteleza. Trekta likisukumwa kushoto, mnyororo hupita tu ndani ya kile chuma: upande wa kushoto unafupika, wa kulia unarefuka, na hakuna kinachozuia. Ukikatika mahali popote, pande zote mbili zinaachia kwa pamoja. Kamba ya nailoni iliyokuwa mbele nayo imetengenezwa ivutike. Ni nzuri kwa kuvuta gari lililokwama matopeni, maana mvutiko wake hupunguza mshtuko, lakini mvutiko huo huo ndio uliolipa trekta lako nafasi ya kucheza. Hata mkanda mzuri wa polista wa kufungia mizigo huruhusiwa kurefuka hadi asilimia 7 ukibebeshwa uwezo wake wote. Kwenye mkanda wa mita 2 hiyo ni sentimita 14. Mnyororo wa chuma haurefuki hivyo.

Kabla ya minyororo, kuna jambo ambalo hukuliuliza na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Tuhesabu uzito. Kilo 2,300 za kitabuni kwa kawaida ni za trekta tupu. Tairi la nyuma la ukubwa wa 13.6-28 likijazwa maji robo tatu hubeba karibu lita 200, kwa hiyo matairi mawili ni karibu kilo 400. Vyuma vya mbele tuseme 150, dizeli 50, kifyekeo 350. Umefika kilo 3,250. Zile 3,500 za kwenye kibati ni jumla ya trela yenyewe na mzigo, si mzigo peke yake. Trela ya ekseli mbili yenye sakafu ya chuma haikosi kilo 800 au 900. Kinachobaki kwa mzigo ni kama 2,600. Ikiwa safari ile ulibeba kila kitu, basi ulizidisha zaidi ya kilo 600, na hakuna mnyororo utakaotibu hilo. Breki, matairi na beringi za trela hazikutengenezwa kwa uzito huo.

Una njia tatu. Ya kwanza, kifyekeo kiende safari nyingine au gari jingine. Ya pili, umwage maji ya matairi kabla ya safari: inua gurudumu kwa jeki, lizungushe mpaka valvu iwe chini kabisa, fungua moyo wa valvu, kisha baadaye lijaze upepo kwa kiwango chake. Kama maji hayo yametiwa chumvi ya kalsiamu kloridi, yakinge kwenye mapipa, usiyamwage shambani. Ukifanya yote mawili unabaki na kilo 2,500, na unaingia kwenye kipimo kwa shida. Ya tatu, na ndiyo ningeichagua mimi kama unasafiri mara kwa mara, ni kutafuta trela kubwa zaidi au lori lenye sakafu ya chini. Kwa vyovyote, pita mizani ya magari mara moja ukiwa na mzigo wako kamili, kisha soma pia kibati na kitabu cha pikapu ujue inaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Kuna pikapu nyingi ambazo haziruhusiwi kuvuta 3,500, na uzito huo haufai kubebwa na trela isiyo na breki zake yenyewe.

Sasa mahali pa kuliweka. Trela inayovutwa kwa kiunganisho cha nyuma ya gari hutulia pale ambapo asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote, ikiwa na mzigo, inalalia kwenye kiunganisho. Kwa jumla ya kilo 3,400 hiyo ni 340 hadi 510. Ikipungua hapo, trela huanza kupiga mkia ukiongeza mwendo, na kupiga mkia kukishaanza kwenye mteremko ni kugumu kukuzuia. Ikizidi, nyuma ya pikapu inakaa chini, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unapoteza uzito. Kiunganisho nacho kina kikomo chake kilichoandikwa. Kikiwa chini ya 340, hiyo ni sababu nyingine ya kutotumia gari hilo.

Trekta la magurudumu mawili ya kusukuma hubeba kama asilimia 60 hadi 65 ya uzito wake nyuma. Kama umbali kati ya ekseli zake ni mita 2, kitovu cha uzito kiko sentimita 70 hadi 80 mbele ya ekseli ya nyuma. Ukitaka kitovu hicho kiwe kama nusu mita mbele ya katikati ya ekseli za trela, basi trekta likiangalia mbele, ekseli yake ya nyuma itakuwa karibu juu ya ekseli za trela, au sentimita 20 na kitu nyuma ya katikati yake. Hapo ndipo pa kuanzia. Hakikisha kwa mizani: trela ikiwa imeachanishwa na gari, ipime ikiwa yote juu ya mizani, halafu uipime gurudumu dogo la jeki la mbele likiwa limesimama nje ya mizani, na trela ikiwa imelala sawa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito wa kwenye kiunganisho. Ukishapata mahali panapofaa, piga rangi mstari sakafuni pale tairi la nyuma linapokanyaga. Hutapima tena kwa trekta hilo.

Je, liangalie mbele au nyuma? Kwa kawaida mbele. Lakini rampu ikiwa na mwinuko mkali, kupanda kwa mbele kunalifanya trekta liwe jepesi mbele, na linaweza kujipindua kinyumenyume juu ya ekseli yake ya nyuma kabla dereva hajakanyaga klachi. Kifyekeo kikiwa kimening'inia nyuma hatari inaongezeka maradufu, hivyo kivue kwanza. Ukipanda kinyumenyume sehemu nzito hutangulia juu na hatari hiyo inaondoka, ila hesabu ya mahali hubadilika: sasa kitovu cha uzito kiko nyuma ya ekseli ya nyuma ya trekta, na ekseli hiyo inapaswa kusogea hadi kama mita 1.2 mbele ya katikati ya ekseli za trela. Watu wengi hupanda kinyumenyume wakasimama pale pale walipozoea, kisha wanashangaa trela ikianza kuyumba.

Kupakia fanyia uwanja tambarare na mgumu. Trela iwe imeunganishwa na gari, gari liwe na handbreki, magurudumu ya gari na ya trela yawekewe kabari, na nyuma ya trela iwekewe miguu au magogo imara. Hiyo miguu wengi huisahau. Trekta likikanyaga mwisho wa sakafu, mkia wa trela unashuka na pua yake inanyanyua nyuma ya pikapu. Gari lenye handbreki ya magurudumu ya nyuma tu, likinyanyuliwa nyuma, halina breki tena. Kwangua tope kwenye matairi, fagia sakafu. Fremu ya kumkinga dereva iwe imesimama na mkanda wa kiti umefungwa. Fremu utailaza baadaye ikiwa ndefu mno. Unganisha pedali mbili za breki kwa kile kichuma chake ili zikanyagwe pamoja. Tumia gia ya chini kabisa, na usiguse klachi ukiwa katikati ya rampu. Mtu yeyote asisimame nyuma wala pembeni ya rampu, hata anayeelekeza. Yeye asimame mbali, mahali unapomwona.

Likishafika kwenye mstari, nyoosha magurudumu ya mbele, shusha chini kila kinachoshuka kwa haidroliki, weka gia ya chini, vuta handbreki, zima, toa ufunguo. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, na kama sakafu ni ya mbao zipigilie misumari.

Minyororo ni minne, kila mmoja na kikazio chake: miwili inavuta kuelekea pembe za mbele za trela, miwili kuelekea pembe za nyuma, yote ikishuka chini na kufunguka nje. Sheria za shirikisho za Marekani zinadai vifungo visivyopungua vinne kwa mashine za magurudumu zenye kilo 4,536 na zaidi. Trekta lako liko chini ya hapo, lakini mimi singelifunga kwa vichache. Pande ni nne, na kila mnyororo huzuia ule upande ulio kinyume na unakovutia. Iliyo nyuma ndiyo inayozuia trekta lisije kwenye kioo cha pikapu ukifunga breki, kwa hiyo hiyo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa.

Tuipigie hesabu kwa tani 3, ili tubaki na akiba. Mnyororo unaoshuka kwa nyuzi 30 na kufunguka nje kwa nyuzi 30 unatoa robo tatu ya nguvu yake kwenye kuvuta nyuma. Mnyororo wa milimita 8 wa gredi 70 (gredi ni daraja la uimara wa chuma chenyewe) una uwezo salama wa kazi wa kilo 2,130. Miwili, mara robo tatu, ni karibu 3,195. Tulihitaji 2,400, basi imetosha bila hata kuhesabu msuguano. Sasa chukua mnyororo wa unene ule ule, milimita 8, wa gredi 30, huu unaouzwa kwa mageti na kufungia mifugo: uwezo wake ni kama 860. Miwili inakupa 1,290. Kwa macho hutaona tofauti. Kwa hiyo usinunue kwa unene. Soma namba iliyogongwa kwenye pete zake, 7 au 70, 8 au 80. Rangi ya dhahabu ambayo gredi 70 hupakwa si ushahidi, maana rangi ni rangi. Mnyororo usio na namba uache uendelee na kazi ya geti. Mimi ningekushauri milimita 8 ya gredi 70 au 80, au milimita 10 ukitaka siku za usoni ubebe trekta kubwa zaidi; kilo zinazoongezeka mkononi ni chache na akiba inakuwa kubwa.

Pembe nazo zichunge kama unavyochunga gredi. Mnyororo unaoshuka kwa mwinamo mkali, tuseme nyuzi 60, hupoteza nusu ya nguvu yake ya kuzuia mbele na nyuma. Unalibana trekta chini na kuliacha liteleze. Mnyororo uliolala sambamba na trela bila kufunguka nje, tuseme nyuzi 10 tu, unazuia mbele vizuri lakini pembeni karibu hauna kitu: miwili ya upande mmoja inatoa kama kilo 640 pale tunapohitaji 1,500. Ukiifungua kwa nyuzi 30 inatoa zaidi ya 1,800. Sakafu ikiwa nyembamba na pembe hiyo haipatikani, vusha minyororo: wa kushoto wa ekseli uende pembe ya kulia, wa kulia uende kushoto, mradi isisuguane yenyewe wala isiguse mipira ya haidroliki.

Mahali pa kushikia kwenye trekta ni chini, kwenye chuma kilichotengenezwa kubeba. Tazama kwanza kitabu. Matrekta mengi yana alama ya sehemu za kufungia. Kama hakuna, nyuma tumia mabano ya chuma cha kukokotea kwa minyororo miwili tofauti, au zile shingo nene za ekseli kila upande, ukiangalia usibane paipu au fimbo ya breki. Mbele tumia fremu inayobeba ekseli ya mbele, au boriti ya ekseli yenyewe. Usifunge kwenye fimbo za usukani, pistoni za haidroliki, ngazi, fremu ya kumkinga dereva, wala mikono ya kunyanyulia zana, kwa sababu hiyo mikono inacheza kwa asili yake. Vyuma vya uzito vya mbele vinaonekana imara, lakini vingi vimeshikwa kwa bolti moja au pini tu.

Kuna faida ya kushika ekseli kuliko kushika mwili wa juu. Mnyororo wa chini huwa na pembe nzuri, na tairi likibonyea, sehemu iliyofungwa haiendi mbali. Upande wa trela, tumia pete zilizochomelewa kwenye fremu kuu, si kwenye ukingo wa bati, na pete hizo ziwe na uwezo usiopungua wa mnyororo. Kulabu iingie mpaka kwenye shingo yake, isining'inie kwa ncha, na igeuzwe hivi kwamba hata mnyororo ukilegea kidogo haidondoki. Usipige fundo kwenye mnyororo, usiuunge kwa bolti, na ukiona umejisokota unyooshe kabla ya kukaza. Pete iliyolika asilimia 10 ya unene wake, iliyorefuka, au yenye mpasuko, imemaliza kazi.

Kuhusu kuvunja ekseli, dereva wako anaogopa kitu ambacho kikazio cha mkono hakiwezi kufanya kwa urahisi, ila nyuma ya hofu yake kuna ukweli kidogo. Huhitaji kulibana trekta mpaka matairi yalale. Kaza mpaka mnyororo unyooke na ubavu wa tairi uanze kuonyesha kujivimbisha kidogo tu, basi. Ukiupiga mnyororo kwa kiganja usicheze. Kaza kwa zamu, nyuma kisha mbele, kulia kisha kushoto, urudie mara mbili, kwa sababu kila ukikaza mmoja trekta husogea na mwingine unalegea. Matairi yawe na upepo wake kamili: tairi linalovuja njiani linalegeza minyororo yote minne.

Kikazio cha skrubu na racheti ni bora kuliko kile cha mkono unaorushwa. Cha mkono huhifadhi nguvu yote ya mvutano ndani yake, na ukikifungua vibaya mkono huruka na kuvunja taya au kiganja. Kama ndicho ulicho nacho, usiurefushe mkono wake kwa bomba, simama pembeni ya njia ambayo mkono huo unaweza kurukia, na ukishafunga uufunge kwa waya usijifungue. Mnyororo uliobaki uzungushe na uufunge, usiburute.

Mikanda ya polista nisiseme haifai kabisa. Kwa trekta dogo la bustani inatosha, mradi ina kibandiko kinachosomeka kinachotaja uwezo wake, na haipiti kwenye kona kali ya chuma. Kwa trekta lako iache.

Kifyekeo, ukikibeba kwenye trela kubwa, kihesabu kama mzigo mwingine. Kishushe mpaka kilale sakafuni na kipate mnyororo wake. Zana iliyoachwa ikining'inia kwa haidroliki hushuka na kurukaruka, na inachezesha trekta zima. Funga boneti kwa kamba, vua au funika ile pembetatu ya gari la mwendo wa polepole ili wa nyuma yako wasidhani unatembea kwa mwendo wa trekta. Trekta likiwa na tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa), ziba mdomo wa ekzosi kwa kopo au mfuko uliofungwa vizuri. Upepo wa safari unaweza kuizungusha tabo injini ikiwa imezimwa, na bila injini hakuna mafuta yanayofika kwenye beringi zake. Pima urefu kutoka barabarani hadi ncha ya juu kabisa na uuandike kwenye karatasi ndani ya pikapu.

Njiani, simama baada ya kilomita 5 hadi 10 za mwanzo. Sheria ya Marekani inadai ukaguzi ndani ya kilomita 80 za kwanza, lakini kwa mashine yenye matairi ya upepo hiyo ni mbali mno. Mnyororo hulegea mapema, pale matairi na pete zinapokaa mahali pake. Kaza upya, halafu kagua tena kila barabara inapobadilika kutoka lami kwenda vumbi, na baada ya breki yoyote ya ghafla. Kwenye lami nisingevuka kilomita 60 kwa saa na mzigo huu. Trela ikianza kupiga mkia, achia mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usifukuzane nayo kwa usukani na usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Kama breki ya trela ina kitasa chake peke yake, ivute hiyo kidogo kidogo. Ikitulia, tafuta mahali pa kusimama ulisogeze trekta mbele, kwa maana kiunganisho kimekosa uzito.

Unaposhusha, rudisha kwanza kabari na miguu ya nyuma ya trela, hakikisha handbreki ya trekta imeshika, ndipo ufungue kikazio cha kwanza. Trekta linaweza kusogea mvutano ukiondoka.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama kibati cha trela hakipo au hakisomeki, kama pete za kufungia zina mpasuko pembezoni mwa mchomeleo au kutu inayobanduka, mpelekee fundi wa matrela aitazame na kuchomelea upya. Mchomeleo wa pete ya mzigo si wa kujifunzia. Trekta lisilowaka, ambalo ni lazima livutwe kwa winchi, lenye kiungo cha kujipinda katikati, lenye koleo kubwa la mbele, au linalovuka tani 4 na nusu, lipe mtu anayebeba mashine kwa kazi yake, na kiungo kile kifungwe kwa pini yake kabla ya safari. Kwa safari yako inayofuata, omba mtu huyo aje mara moja asimame kando ya trela yako ukiwa umefunga minyororo yote minne, aguse kila kulabu kwa mkono wake. Na ulizia pia sheria za barabara za kwenu kuhusu upana, taa na leseni ya kuvuta trela, kwani zinaweza kudai zaidi ya haya.